Naomba filamu za familia na za kukua zinazoshika moyo, za vijana kutazama pamoja na wazazi (Kisumu)

Nyar_Manyatta

Wadau, hamjambo. Likizo ya Agosti kanisa letu hapa Manyatta, Kisumu, litakuwa na wiki ya vijana, na tumepewa jioni tano za kuonyesha filamu. Watazamaji ni watoto wa miaka 11 hadi 17, na wazazi wao wamealikwa. Ukumbi unaketisha watu kama 80, paa ni la mabati, madirisha makubwa pande zote mbili.

Sitaki za kufukuzana kwa magari, na sitaki zile za mahubiri ambapo mbaya anaanguka na mwema anashinda dakika ya mwisho. Natafuta hadithi za nyumbani: mtoto anayekua, mzazi aliyezidiwa, ndugu wanaobebana. Kijana wa kidato cha pili atazame bila kutoa simu mfukoni, na mama yake akiwa ameketi karibu asione haya.

Naomba mnisaidie kwa haya: filamu gani tano na kwa mpangilio upi, nifanye nini kwa wazazi wasiofuata Kiingereza cha haraka, na kwa nini penye huzuni kabisa vijana huanza kucheka. Mwenye ujuzi wa vifaa pia aseme.

---

Mwalimu_Shinyalu

Mulembe dada. Usichague kwa kupima machozi. Filamu ambayo mtu anakufa kila nusu saa humchosha mtoto, na akishachoka hakuna kinachomgusa tena. Tafuta filamu ambayo mtoto ana kazi mkononi, kitu anachokitaka na anakijua kwa jina: viatu, baiskeli, ada ya shule. Huzuni itakuja yenyewe, na itamkuta ameshajali.

Mpangilio wangu ni huu.

Jumatatu, Soul Boy (2010), ya Hawa Essuman. Ni ya saa moja tu, na siku ya kwanza watu huchelewa, kwa hiyo ufupi wake ni faida. Abila, kijana wa miaka 14 huko Kibera, anamkuta baba yake hajiwezi, anasema roho yake imechukuliwa na nyawawa, pepo wa imani za Waluo. Abila anamwendea huyo nyawawa na kupewa kazi saba za kumkomboa babake. Kisumu hii huhitaji kumweleza mtu nyawawa ni nini. Wazee wenu bado wanajua kugonga masufuria na mabati usiku zikipita. Lugha ni Kiswahili cha mtaani, wazazi watafuata. Walioitengeneza wengi walikuwa chipukizi na uigizaji unayumba mahali mahali, lakini mtoto anayebeba deni la babake utamwelewa hata hivyo.

Jumanne, Children of Heaven (1997), ya Majid Majidi wa Iran. Dakika 89. Ali anapeleka viatu vya dadake Zahra kwa fundi, akirudi anavipoteza. Nyumbani hakuna pesa na mama ni mgonjwa, kwa hiyo watoto wanaficha. Raba za Ali ndizo zinavaliwa na wote wawili: Zahra asubuhi, kisha anakimbia mbio kumpokeza Ali naye aende shule ya mchana. Kuna pahali raba imemlegea Zahra mguuni kwa kuwa ni kubwa, inachomoka na kuanguka kwenye mtaro wa maji, naye anaifukuza pembeni mwa ukuta huku maji yanaipeleka. Hakuna anayekufa, hakuna anayepiga kelele, na ukumbi mzima utakuwa umeshika roho. Mwishoni kuna mashindano ya mbio ambayo zawadi ya nafasi ya tatu ni raba mpya. Ali hakimbii awe wa kwanza, anakimbia awe wa tatu. Sisemi zaidi.

Jumatano, The Boy Who Harnessed the Wind (2019). Chiwetel Ejiofor ameiongoza na ameigiza baba. Dakika 113. Ni kisa cha kweli cha William Kamkwamba wa Malawi, wakati wa njaa ya miaka ya 2001 na 2002. Anayeigiza William ni Maxwell Simba, Mkenya mwenzetu, waambie watoto hilo kabla hamjaanza. Uzito wake hauko kwenye kinu cha upepo. Uko pale William anapohitaji baiskeli ya babake ili kinu kizunguke, na baiskeli hiyo ndiyo mali ya mwisho waliyobaki nayo. Tahadhari mbili: chifu anapigwa vibaya na watu wa serikali, na mbwa wa William anakufa njaa. Kwa watoto wadogo, la mbwa ndilo gumu zaidi.

Alhamisi, Supa Modo (2018), ya Likarion Wainaina. Dakika 74, Kiswahili kwa sehemu kubwa. Jo ana miaka 9, ni mgonjwa wa kutopona, na filamu haikufichi hilo tangu mwanzo. Mama anamtoa hospitalini amlete nyumbani. Anapenda mashujaa wa filamu, basi dada yake Mwix anawashawishi majirani wamfanye aamini kwamba naye ana nguvu, hadi kijiji kizima kinaingia katika kutengeneza filamu ambayo shujaa ni Jo. Ndani ya nyumba kuna ugomvi mzito: mama anataka mtoto alale apumzike, Mwix anataka aishi siku zake. Wote wawili wako sawa, na hapo ndipo filamu inapouma.

Ijumaa, Queen of Katwe (2016), ya Mira Nair. Dakika 124, mkae mapema. Phiona Mutesi anauza mahindi Katwe, Kampala, anajifunza sataranji kwa Robert Katende. Lupita Nyong'o ndiye mama, na kwa vile babake Lupita ni gavana wa kaunti yenu tangu 2017, makofi mtayasikia kabla hajafungua mdomo. Muwatazame wazazi pale Harriet, yule mama, anapomtorosha mwanawe hospitalini kwa kuwa pesa za kulipa hana. Hakuna atakayeuliza kwa nini.

Kwa nini Supa Modo iwe Alhamisi na si Ijumaa: mkifunga wiki nayo, watoto wanaondoka na mzigo na hamkutani tena mpaka Jumapili. Ikiwa Alhamisi, kesho yake wapo na mnaweza kuzungumza. Na isiwe Jumatatu, kwa sababu hawajazoeana bado. Hapo ndipo kicheko hutoka, lakini hilo nawaachia wengine.

La mwisho: msichukue nakala zilizosimuliwa juu na madijei. Zinafaa filamu za ngumi. Katika filamu hizi kimya ndicho kinachofanya kazi, na msimulizi hujaza kila kimya.

---

Kadogo_Bungoma

Orodha nzuri mwalimu. Mimi ningeongeza mbili zinazotoa machozi kwa uhakika. Ya kwanza ni Grave of the Fireflies (1988), ya Isao Takahata. Ni katuni, kwa hiyo hata wa miaka 11 ataketi. Kaka na dada yake mdogo, Seita na Setsuko, huko Japani wakati wa vita mwaka 1945, mama amefariki kwa mabomu, wanajaribu kuishi peke yao. Ya pili ni Miracle in Cell No. 7, ile ya Uturuki ya 2019: baba mwenye akili ya kitoto anashtakiwa kwa kifo ambacho hakusababisha, na binti yake mdogo anapambana kumwona. Sijasikia mtu aliyeitazama hiyo akabaki na macho makavu.

---

Nyanya_Section58

Kadogo mwanangu, hapo naomba tusikilizane, maana kosa hili hufanywa na wengi. Katuni ni namna ya kutengeneza filamu, haimaanishi ni ya watoto. Grave of the Fireflies inamwonyesha mtoto wa miaka 4 akidhoofika kwa njaa hatua kwa hatua, ngozi inatoka vipele, akili inaanza kumpotea, na kaka yake hawezi lolote. Dakika za kwanza tu zinakwambia wote wawili watakufa. Ni kazi kubwa, mimi nawapa watu wazima bila kusita, na kijana wa miaka 16 akiwa na mtu wa kuzungumza naye. Mtoto wa miaka 11 gizani pamoja na watu 80, hapana.

Japani ilipotoka Aprili 1988 ilionyeshwa pamoja na My Neighbor Totoro, kutoka studio hiyohiyo. Hiyo ya pili ndiyo ninayoipendekeza kwa wadogo. Dakika 86. Mabinti wawili, Satsuki na Mei, wamehamia shamba na baba yao kwa sababu mama amelazwa hospitali iliyo jirani. Karibu na mwisho simu ya maandishi (telegramu) inatoka hospitalini, Satsuki anavunjika moyo, na Mei, yule mdogo kabisa, anakumbatia gunzi la hindi bichi alilochuma na kuondoka kwa miguu kumpelekea mama apone. Mtoto yeyote wa Bungoma au Kakamega anajua uzito wa lile hindi mkononi. Hofu ipo, na inaisha vizuri.

Miracle in Cell No. 7 ina kipigo cha gerezani na kitanzi cha kunyongea, na ina zaidi ya saa mbili. Siidharau. Lakini inakusukuma ulie: muziki unapanda kila mara kabla ya tukio, kamera inaganda usoni. Vijana wa siku hizi wanaliona hilo haraka sana, na wakiona wanasukumwa, wanacheka. Na hapo nimefika kwenye swali lako, Nyar.

Kicheko cha vijana penye huzuni si utovu wa adabu. Kijana wa miaka 14 ameanza kuhisi kitu usoni, na jirani yake anamwona. Kicheko kinamfunika. Ukijua hivyo, unajua pa kurekebisha.

Kwanza, viti. Mkiwaketisha wavulana wote benchi la nyuma, kicheko kitaanzia hapo na kusambaa. Wapange kwa familia, mtoto na mzazi au mlezi wake. Asiye na mzazi aketi na familia ya jirani yake, na mpange hilo kabla, asitafute nafasi mlangoni mbele ya watu.

Pili, giza liwe giza kweli. Nuru inayopenya dirishani inatosha watu kuonana nyuso.

Tatu, msherehesha asitangaze kwamba filamu ni ya huzuni, wala asiseme andaeni leso. Akisema hivyo kila mtu anakaa akijilinda.

Nne, na hapa ndipo viongozi wengi huharibu: mtu akicheka, msisimamishe filamu kukemea. Kicheko hudumu sekunde chache na filamu inakimeza. Ukikisimamisha, kimekuwa tukio la jioni, na waliokuwa wameshikwa umewaachilia.

Filamu ikiisha, msiwashe taa papo hapo. Acheni majina yapite, dakika mbili au tatu hivi, watu wafute nyuso. Kisha msiulize mmejisikiaje. Hakuna kijana atakayejibu hilo mbele ya mamake. Ulizeni juu ya uamuzi: je, mama wa Jo alikuwa na haki ya kumzuia asitoke nje? Baba wa William alikosea kukataa kutoa baiskeli? Ali na Zahra wangemwambia baba yao ukweli? Ukumbi utagawanyika, watoto upande mmoja na wazazi upande wa pili, na katika kutetea upande wao watasema yote ambayo usingeyapata kwa kuuliza moja kwa moja. Dakika 20 zinatosha. Mzee akianza kuhutubia, mpokonye maikrofoni kwa heshima.

Jambo moja usilipuuze. Kati ya watoto 60 wapo waliofiwa na mzazi, na huenda yupo mwenye ndugu mgonjwa sasa hivi. Jumapili kabla ya wiki hiyo, wapeni wazazi karatasi yenye mstari mmoja kwa kila filamu: hii ina mtoto mgonjwa asiyepona, hii ina njaa, hii ina ajali ya boda. Siku ya Supa Modo mtu mzima aketi karibu na mlango. Mtoto akitoka amfuate, asimuulize maswali, ampe maji.

---

Fundi_wa_Projekta (Nakuru, Lanet)

Dada, mimi nashika la vifaa.

Giza. Agosti huko Kisumu jua linatua karibu saa moja kasorobo, na giza la kutosha linaingia saa moja na robo. Mkitaka kuanza saa kumi na mbili, zibeni madirisha kwa nailoni nyeusi nzito, si kwa pazia la leso. Projekta iwe na mwanga wa lumeni 3,000 au zaidi. Zile ndogo za bei ya chini zinazoandikwa namba kubwa kwenye boksi, nyingi hazifiki hata robo ya hizo, kwa hiyo muulize anayekukodisha akuwashie uone kabla ya kulipa.

Pa kuonyeshea. Ukuta mweupe wa rangi isiyong'aa unashinda shuka. Shuka linapitisha nuru na linapepea. Kama ni lazima shuka, likunjwe mara mbili, lifungwe juu, na chini lishikizwe kwa mti au bomba ili linyooke. Kwa watu 80 picha iwe na upana wa mita 2.5. Projekta nyingi za kawaida zitahitaji kukaa mita 4 hadi 5 kutoka ukutani kwa upana huo. Ukingo wa chini wa picha uwe angalau mita 1.2 kutoka sakafuni, la sivyo wa nyuma hawatasoma maandishi ya chini kwa sababu ya vichwa. Safu ya mwisho isivuke mita 15. Msiinamishe projekta kuelekea juu ili picha ipande. Picha inakuwa pana juu na nyembamba chini. Inueni meza.

Sauti. Hapa ndipo jioni nyingi huharibika. Filamu nyingi zina sauti ya njia 6, na maneno ya waigizaji yanakaa kwenye njia ya katikati. Ukiunganisha laptopu na spika mbili bila kurekebisha, muziki utanguruma na maneno yatasikika kama minong'ono. Ndani ya VLC, programu ya kuchezea filamu, weka sauti iwe stereo ili ichanganye zote. Halafu punguza besi kwenye mikisa, kwa kuwa mabati na kuta za saruji huongeza mngurumo wenyewe. Spika zikae mbele, kushoto na kulia kwa picha, kwa kimo cha kichwa cha mtu aliyesimama. Spika za nyuma ziachwe, sauti itoke walipo waigizaji.

Mkisikia mlio wa mmm usiokoma, chomoeni chaja ya laptopu. Mlio ukiisha, tatizo ni chaja na waya wa ardhini. Chomekeni laptopu, projekta na mikisa kwenye soketi moja ya ukutani kwa waya mmoja wa kurefusha. Mara nyingi inatosha. Isipotosha, endesheni laptopu kwa betri.

Stima. Projekta ya taa inakula wati 250 hadi 300, laptopu 65, spika kama 100. Jenereta ya kVA 1 inabeba. Ila UPS, betri ya akiba inayoshika stima ikikatika, ni muhimu kuliko jenereta: stima ikikatika ghafla, feni ya projekta inasimama taa ikiwa bado ya moto, na hiyo huipunguzia maisha. UPS inakupa dakika chache za kuizima taratibu au kuwasha jenereta. Ikizimika ghafla, isiwashwe papo hapo, ipoe kwanza.

Mvua. Huko kwenu ngurumo hupenda alasiri na jioni, na mvua kubwa juu ya mabati hakuna spika itakayoishinda. Wekeni Children of Heaven kama akiba. Inasomwa kwa maandishi na maneno yake ni machache, kwa hiyo hata kukiwa na kelele juu inatazamika. Siku itakayonyesha, badilisheni ratiba nayo. Supa Modo msiilazimishe chini ya mvua, mtaipoteza bure.

Faili iwe kwenye diski, si kwenye mtandao. Intaneti huchagua kukwama pale pabaya.

---

Karani_Kondele

Naongeza la ruhusa kwa ufupi. Ukumbi wa kanisa wenye watu 80 ni maonyesho ya hadharani hata kama hamtozi kiingilio. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka filamu iwe imepitiwa na KFCB, bodi ya kuainisha filamu Kenya, na kupewa daraja: GE ni ya watu wote, PG ni kwa uangalizi wa mzazi, kisha kuna 16 na 18. Angalieni daraja la kila moja mapema, na mwulize ofisi yao kuhusu kibali.

Hilo ni tofauti na haki ya mwenye filamu. Akaunti ya Netflix ni ya matumizi ya nyumbani, haikupi ruhusa ya kuonyesha ukumbini. Waandikieni watayarishaji au wasambazaji, mseme tarehe, idadi ya watu, na kwamba hakuna kiingilio. Kwa filamu za Kenya kama Supa Modo na Soul Boy ni rahisi zaidi kuliko za kampuni kubwa. Anzeni Juni, si Julai mwishoni.

---

Nyar_Manyatta

Asanteni sana, Mungu awabariki. Maswali mawili. Je, kuna filamu za kuwapa wakubwa wa miaka 16 na 17 pekee, na moja ya wazazi peke yao Jumamosi? Na Fundi, kama nikitaka maandishi ya chini ya Children of Heaven yawe Kiswahili, nafanyaje?

---

Mwalimu_Shinyalu

Kwa wakubwa, Nairobi Half Life (2012), ya Tosh Gitonga. Mwas anauza filamu kijijini, anataka kuwa mwigizaji, anafika Nairobi na kuibiwa siku hiyohiyo. Watu hukumbuka bunduki, lakini ndani yake ni hadithi ya kijana ambaye baba hamwamini. Matusi na damu ni nyingi, kwa hiyo si ya mchanganyiko. Nawi (2024) ningeiweka juu zaidi: binti wa Turkana mwenye miaka 13, hodari darasani, anataka kwenda shule ya upili na babake ameshakubali mahari. Michelle Lemuya Ikeny ameibeba yote mabegani. Mkiwa na nafasi, waonyesheni wakubwa hiyo na baba zao wawepo.

The First Grader (2010) wengi huipendekeza kwa sababu Kimani Maruge alisoma hapa Eldoret, aliingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Sehemu za shuleni ni tamu. Lakini kumbukumbu zake za kizuizini enzi za ukoloni zina mateso yanayoonyeshwa wazi, na mkewe na watoto wanauawa mbele yake. Ni ya miaka 15 kwenda juu.

---

Nyanya_Section58

Kwa wazazi peke yao, Like Father, Like Son (2013), ya Hirokazu Kore-eda. Familia mbili Japani zinaambiwa na hospitali kwamba watoto wao wa miaka 6 walibadilishwa walipozaliwa. Baba mmoja ni mtu wa kazi, tajiri, mkali, na anaamini damu ndiyo mtoto. Anambadilisha. Baadaye sana anafungua kamera ya nyumbani na kukuta picha ambazo yule mtoto aliyemrudisha alikuwa akimpiga kwa siri: baba amelala, baba amegeuka mgongo, miguu ya baba. Zote za baba asiyemtazama. Hakuna neno linalosemwa. Baba anayetoka kazini saa tatu usiku atakaa na hilo muda mrefu.

Ina dakika 121 na ni ya polepole, kwa hiyo waambieni wazazi mapema kwamba nusu saa ya kwanza haina haraka. Na Bicycle Thieves (1948) ya Vittorio De Sica iwe ya akiba, dakika 89: baba anaibiwa baiskeli ambayo ndiyo kazi yake, na mtoto wake Bruno anamfuata siku nzima kuitafuta. Mwendesha boda hahitaji kufafanuliwa.

---

Fundi_wa_Projekta (Nakuru, Lanet)

Maandishi ya chini yanakuja kama faili ya srt, nayo ni maandishi matupu. Ifungue kwa Notepad. Utaona namba, chini yake mstari wa saa ya kuanza na kuisha, chini yake maneno, kisha nafasi tupu. Gusa maneno tu. Ukifuta mshale ulio kati ya saa mbili, au nafasi tupu kati ya sehemu na sehemu, maandishi hayatatokea kuanzia hapo.

Kiswahili huwa kirefu kuliko Kiingereza, kwa hiyo msitafsiri neno kwa neno. Mistari miwili, kila mmoja usizidi herufi 40 hivi, la sivyo mama aliye nyuma hatamaliza kabla hayajaondoka. Hifadhi kwa UTF-8, na jina la faili lifanane kabisa na la filamu isipokuwa mwisho wake, kisha ziweke kwenye folda moja. VLC itayachukua yenyewe. Ongeza ukubwa wa herufi kwenye mipangilio ya maandishi, na weka kivuli cheusi nyuma yake, kwa sababu herufi nyeupe juu ya ukuta mweupe wa Tehran hazisomeki.

Yakitokea mapema au yakichelewa kwa kiwango kilekile filamu nzima, herufi G na H kwenye kibodi zinayasogeza kidogo kidogo. Msiache yakitangulia, maana waliosoma wataanza kuguna kabla mwigizaji hajasema, na wengine watageuka kuwaangalia. Lakini mkiona mwanzoni yako sawa na yanazidi kupotea kadiri filamu inavyosonga, G na H hazitasaidia. Hiyo faili ilitengenezwa kwa nakala yenye kasi nyingine ya fremu, labda 25 kwa sekunde na yenu ni 23.976. Tafuteni faili ya nakala yenu, au mrekebishe kasi ya maandishi ndani ya VLC, kisha mwangalie dakika ya 5, ya 45 na ya 80. Zote tatu zikiwa sawa, iko tayari.